MALI BILA DAFTARI

 

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeiandika katika insha mara nyingi tangu shule ya msingi ili mwalimu aniongezee alama, lakini nakiri kwamba sikuwa nikiielewa. Niliielewa mwaka 2025, na vilivyonielewesha ni vitu viwili na mtu mmoja: gari la mjomba wangu, daftari la kurasa 48, na kijana wa kuuza petroli.

Najua kuna watakaocheka. "Huyu hata baiskeli hana, sasa anatufunza mambo ya magari!" Ni kweli sina. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa na shuleni naja kwa miguu. Lakini karo yangu hulipwa na mjomba, na mjomba ni dereva wa teksi. Mafuta yakipotea, ni karo yangu imepotea. Ndiyo sababu nina haki ya kusema.

Kwanza tuelewane kuhusu gari lenyewe. Siku hizi ukisimama kando ya barabara hapa Machakos utaona gari linapita kimya kama paka. Hilo ni haibridi. Lina injini ya petroli na pia mota ya umeme yenye betri yake. Haya tunayoyaona hapa kwa wingi hayachomekwi kwenye stima ukutani. Hujitengenezea umeme yenyewe. Dereva akikanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta, na ile nguvu ambayo gari la kawaida huipoteza kama joto hurudi kwenye betri. Gari likisimama, injini huzima. Likianza kwenda polepole, umeme hulisukuma. Si uchawi. Kampuni ya Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwezi wa Desemba 1997, na sasa magari ya aina hii hutufikia kupitia Mombasa yakiwa mitumba, maana sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa nchini.

Watu waliyakimbilia kwa sababu ya bei ya petroli. Nani amesahau Oktoba 2023, lita moja ilipofika shilingi 217.36 kule Nairobi? Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA inapotangaza bei mpya, kwetu nyumbani redio hufunguliwa sauti yote na hakuna anayeruhusiwa kukohoa.

Basi mwanzoni mwa mwaka 2025 mjomba aliuza gari lake la zamani, akaongeza mkopo wa sako, akanunua haibridi. Muuzaji alimwambia, "Mzee, hii gari hainywi mafuta, inanusa tu. Lita moja, kilomita thelathini na tano." Mjomba alirudi nyumbani akitabasamu. Alichukua kalamu, akapiga hesabu nyuma ya kalenda huku sote tukitazama. Machakos hadi Nairobi, kwenda na kurudi, ni kilomita 130 hivi. Gari la zamani lilienda kilomita 12 kwa lita, yaani karibu lita 11 kwa siku. Jipya lingekula lita nne kasoro. Lita saba zimeokolewa! Wakati huo lita ilikuwa karibu shilingi 180, kwa hivyo kila siku angebaki na shilingi 1,280 hivi. "Hizi zitalipa sako," akasema, "na zitakazobaki ni karo yako, mpwa wangu. Soma tu."

Nilisoma. Lakini mwezi wa kwanza ulipoisha, pesa hazikufika. Wa pili, vivyo hivyo. Muhula wa pili nilitumwa nyumbani kuleta karo, nikakaa siku tatu nikipanga kuni. Mjomba alikuwa amebadilika. Alimshuku fundi kwamba anafyonza petroli. Alimuuliza mke wake kama huingiza mkono katika mfuko wa koti lake, na siku hiyo chakula cha jioni kililiwa bila neno. Mwishowe alimgeukia kijana wa pampu pale anapojaza mafuta kila asubuhi. Alimwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mwizi, kwamba humwekea lita tano na kumlipisha sita. Msimamizi aliitwa. Kijana akaambiwa akae nyumbani hadi mambo yachunguzwe.

Kijana huyo namjua. Tunasali naye kanisa moja. Jumapili iliyofuata niliona amekaa benchi la nyuma, na sikuweza kumtazama.

Hapo ndipo nilipochukua daftari. Mwalimu wetu wa fizikia hupenda kusema kwamba kitu usichokipima, usikibishanie. Nilimwambia mjomba, "Tujaze tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, tuandike kilomita zilizo kwenye dashibodi. Tukirudi kujaza, tutumie pampu ileile, mpaka ijikate tena. Lita zitakazoingia ndizo zilizoliwa. Tutagawanya kilomita kwa lita." Mjomba alinitazama kama mtu anayeuziwa dawa ya mende, lakini alikubali. Tulifanya hivyo kwa wiki nane, na pia tulijaza vituo vitatu tofauti ili tuone kama kuna kinachopunja.

Matokeo haya hapa. Safari za Nairobi kupitia Kyumvi, abiria wamejaa na mjomba anakimbia ili awahi, zilitoa kilomita 19 kwa lita. Kuzunguka mjini Machakos, kusimama na kuondoka, 22. Siku moja alikwama kwenye msongamano wa Nairobi tangu Mlolongo, akaenda taratibu bila hasira, akapata 24, bora kuliko zote! Siku alizobeba watu na magunia kupanda Milima ya Iveti, alipata 16. Wastani wa wiki nane ulikuwa kilomita 20. Dashibodi nayo, muda wote huo, ilikuwa inamwambia karibu 23. Vituo vyote vitatu vilitoa majibu yanayolingana.

Sasa piga hesabu nami, msomaji. Kilomita 130 kwa 20 ni lita sita na nusu. Mjomba alikuwa amepangia lita 3.7. Tofauti ni lita 2.8, yaani shilingi 500 hivi kila siku. Kwa siku 25 za kazi ni zaidi ya shilingi 12,000 kwa mwezi. Hizo ndizo pesa zilizokuwa "zinaibwa". Fundi hakuiba. Shangazi hakuiba. Kijana wa pampu hakuiba hata tone. Pesa hizo hazikuwahi kuwepo, ila nyuma ya kalenda tu.

Je, muuzaji alidanganya? Hapa ndipo pagumu. Ile 35 haikutoka hewani. Viwandani gari hupimwa ndani ya jumba, magurudumu yakizunguka juu ya rola, kwa mwendo uliopangwa. Hakuna upepo wa Mombasa Road, hakuna kilima cha Iveti, hakuna mama mwenye gunia la mahindi. Hata wakubwa wamewahi kujirekebisha. Marekani ilibadilisha kipimo chake kuanzia magari ya mwaka 2008 ili kifanane zaidi na barabara za kweli, na Prius ikashuka kutoka maili 55 kwa galoni hadi 46, yaani kutoka kilomita 23 hivi kwa lita hadi chini kidogo ya 20. Gari lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kipimo.

Tena nimejifunza kwamba haibridi inafanya kinyume cha tulivyozoea. Gari la kawaida hupenda barabara kuu na huchukia msongamano. Haibridi hufaidika palipo na breki nyingi, maana hapo ndipo inapovuna umeme. Kwenye barabara kuu, ukikimbia kilomita 110 kwa saa bila kukanyaga breki, injini ndiyo inayofanya kazi karibu yote, na upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu. Ukiteremka mlima mrefu, betri hujaa katikati ya njia, na nguvu inayobaki hupotea kama kawaida.

Niliwauliza pia wengine wawili wenye magari haya. Mwalimu mmoja anayekaa karibu na mji aliniambia lake halipiti kilomita 17. Alikuwa ameanza kulitukana. Lakini safari yake ni ya kilomita tatu tu asubuhi, injini ikiwa baridi, na injini baridi hulazimika kuwaka ili ipate joto. Likianza kupata joto, yeye ameshafika. Muuguzi mmoja anayeenda Kangundo kwa upole hupata 23 na anasifu kila siku. Ukiwakutanisha hawa wawili watabishana mpaka jua litue, na wote wawili wanasema kweli.

Sisi watu wa Machakos hatupaswi kudanganyika kwa urahisi. Si tuna Kyamwilu, pale kilima cha Kituluni? Wageni hutoka mbali, wanazima injini, na gari linaonekana likipanda mlima lenyewe. Watu hupiga makofi. Lakini ni macho tu yanayodanganywa na jinsi nchi ilivyolala. Ukiweka kipimo cha fundi mwashi, utajua wapi ni chini. Basi ile namba ya muuzaji na ile ya dashibodi ni Kyamwilu yetu nyingine. Inapendeza machoni, lakini usiilipie mkopo kabla ya kupima.

Kuna wanaosema, "Basi haibridi ni utapeli, turudi kwa yale ya zamani." La hasha! Daftari langu linakataa. Gari la zamani lilikula karibu lita 11 kwa safari ileile. Hili linakula sita na nusu. Mjomba anaokoa zaidi ya shilingi 750 kila siku anayoenda Nairobi. Hiyo si pesa ya kutupa. Kosa halikuwa kununua haibridi. Kosa lilikuwa kutumia pesa za kilomita 35 wakati gari linatoa 20. Tena kuna betri, ambayo huzeeka, na mtu anayenunua mtumba wa miaka saba bila kuipimisha ananunua mbuzi kwenye gunia.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, wauzaji waeleze wazi kwamba namba wanayoitaja ni ya kipimo cha jumba, na waseme wateja wao wa hapa wanapata ngapi. Pili, anayenunua asichukue mkopo kwa namba ya mdomo. Aulize watu watatu wanaoendesha njia kama yake, kisha apange kwa namba ndogo kuliko zote. Tatu, na hili ni letu wanafunzi, tuache kufikiri kwamba hesabu ni za mtihani tu. Katika kila nyumba yenye gari au pikipiki, awepo mwanafunzi mmoja mwenye daftari. Hata bodaboda inapimika. Kugawanya tulifundishwa tukiwa wadogo.

La nne ndilo linaloniuma zaidi. Kabla ya kumwita mtu mwizi, tupime. Maskini ndiye huwa wa kwanza kushukiwa, kwa kuwa yuko karibu na hana wa kumtetea. Hakuna aliyeishuku kalenda.

Wiki ile tulipomaliza daftari, mjomba alilibeba hadi kituoni, akamwonyesha msimamizi, akaomba msamaha. Kijana alirudishwa kazini. Mjomba akamshika mkono, akamwambia, "Kijana wangu, nilikukosea." Naye akajibu kwa heshima, "Ni sawa, mzee. Lakini nilikaa nyumbani miezi miwili na hakuna aliyenilipa." Mjomba hakuwa na la kusema. Tangu siku hiyo humpa kitu kidogo kila Jumamosi, na nimekianzishia ukurasa wake katika daftari. Bado hakijafika mshahara wa wiki tatu.

Karo yangu nayo inalipwa kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho gari linaweza kweli, na bwana mhasibu amekubali. Haba na haba hujaza kibaba, mradi tu ujue kibaba chako ni kikubwa kiasi gani.

Naweka kalamu chini. Wasalaam.

Mwanachama,
Kidato cha Tatu.