Fedha Hazimfuati Mzazi

Ukigusia shule za mkataba, zile zinazoongozwa na dini huku serikali ikilipa walimu, utajibiwa haraka: mzazi ana haki ya kuchagua, na fedha za umma zinafuata chaguo lake. Hoja tamu. Ila hapa Bujumbura fedha hizo hazijawahi kumfuata mzazi hata hatua moja. Zinafuata njia walizopita wamisionari.

Enzi mji ukiitwa Usumbura, Wabelgiji waliwaachia wamisionari elimu na kuwapa ruzuku. Palipokuwa na misheni, pakawa na shule. Buyenzi, mtaa wa Waswahili Waislamu, wazazi wengi walihofia mtoto asije akarudi nyumbani amebatizwa, wakambakiza chuo cha Kurani kwa maalimu. Eti nao walichagua! Waliokosa shule wakakosa na kazi za ofisi, wao na watoto wao.

Pita Buyenzi leo. Ustadhi wa madrasa anapokea noti ya mia tano iliyokunjwakunjwa kiganjani mwa mtoto. Baba asipouza kitu, hapokei. Mwalimu wa shule ya mkataba anasubiri mshahara wa serikali, na kodi ya baba huyohuyo imo ndani yake. Sisemi ustadhi aajiriwe na wizara (wallahi, wakishamlipa watamwandikia na hotuba). Nasema tusiite hali hii uhuru wa familia.

Kwani anayechagua ni nani? Mtoto wa Kinama akimaliza mwaka wa tisa wa ekofo, yaani shule ya msingi, anafanya mtihani wa taifa, kisha wizara inampangia shule. Anayechagua kweli ni mwenye fedha za shule binafsi.

Wapo watakaodai serikali izitwae shule zote. Rais wa zamani Bagaza alijaribu. Mwaka 1986 alitaifisha seminari ndogo za Kikatoliki na kufunga Yaga Mukama, madarasa ya kanisa yaliyowafundisha kusoma watoto wa vilimani wasio na shule nyingine. Maaskofu walibaki na elimu yao. Walioumia ni watoto hao.

Shule za dini zibaki. Lakini katiba inasema jamhuri hii haina dini, na mlipaji ana haki ya kuuliza. Darasa jipya la fedha za umma lijengwe kwanza mahali ambapo misheni haikufika. Na kila shule ya mkataba ibandike ukutani, kabla masomo ya Septemba hayajaanza, imepokea wanafunzi wangapi, imekataa wangapi, na kwa sababu gani.