Maji ya Kunywa Ofisini

Ndugu Wanachama,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni maji ya kunywa saa za kazi. Twazungumza sana habari za mishahara na vyeo, na ni haki yetu; lakini mshahara una faida gani kwa mtu ambaye figo zake zimeharibika?

Mwili wa mtu mzima una maji kadiri ya sehemu 6 katika 10. Maji hayo hupungua kila saa kwa jasho, kwa pumzi na kwa mkojo. Mtu wa kilo 60 akipungukiwa na lita 1 na robo hivi, kichwa huweza kuanza kumwuma na akili hulegea. Hapa Dar es Salaam, tangu Desemba hata Machi, karani hutoka jasho jingi naye hakubeba mzigo wowote. Ndipo saa nane mchana hujumlisha hesabu mara tatu akapata majibu matatu. Mkubwa wake humwita mvivu, kumbe ana kiu.

Najua mtaniuliza, "Ni nani azuiaye mtu kunywa maji?" Kwa maneno, hakuna. Lakini katika ofisi moja niliyofanya kazi, mtungi haukuwapo, na ufunguo wa choo ulikaa juu ya meza ya karani mkuu. Kila aliyeuomba alitazamwa, kisha ikatazamwa saa ya ukutani. Kwa haya ile tulijizoeza kukaa bila kunywa tangu asubuhi hata jioni, na wenzetu wanawake ndio waliotaabika zaidi. Mwaka wangu wa tatu pale nilishikwa usiku na maumivu makali ya ubavu, nikapelekwa hospitali. Daktari akaniambia nina kijiwe katika figo. Alinieleza ya kuwa mkojo ukiwa mzito kwa kukosa maji, chumvi zilizomo huganda zikawa kama changarawe. Nililala siku sita, na kazi yangu wakaifanya wenzangu. Basi, dakika zile chache zilizookolewa zilimfaidia nani?

Wako wasemao kwamba kila mtu sharti anywe bilauri 8 kwa siku. Hiyo si sheria, maana mahitaji ya watu si sawa. Na chai, uji, madafu na matunda pia huhesabiwa. Kipimo chepesi ni mkojo wenyewe: ukiwa na rangi ya manjano hafifu, ni vyema, ukiwa kama chai ya rangi, kunywa maji. Wala si vema kunywa mengi kupita kiasi kwa mara moja, kwani hayo nayo hudhuru. Wafungao Ramadhani na wayagawe maji yao tangu futari hata daku. Na mwenye maradhi ya moyo au figo afuate neno la daktari wake.

Kwa hiyo natoa shauri kwamba kila tawi liwaombe wakubwa mambo mawili: chombo chenye kifuniko na bomba, kijazwe kila asubuhi maji yaliyochemshwa, na choo kisichoombewa ruhusa. Mambo haya hayatengani, maana ampaye mtu maji akamnyima choo hakumpa kitu.

Lakini tusiwatupie wakubwa lawama yote. Ufunguo ule ulishikwa na karani, mmoja wetu, wala hapakuwa na amri yoyote iliyomwagiza kututazama vile. Enyi mlio makarani wakuu, jambo hili laweza kuanza kesho asubuhi bila kungoja barua: utundikeni ufunguo msumarini.

Ni mimi,
Mwanachama Mwenzenu