Mama, usiache vidonge kimyakimya
Umefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, na sasa unatakiwa kumeza tamoxifen kila siku kwa miaka 5, pengine hata 10. Usiku mwili unawaka moto, shuka zinalowa jasho, usingizi hauji. Akina mama wengine huacha dawa bila kumwambia mtu. Ni hatari, kwani dawa hii huzuia homoni ya estrojeni kuchochea chembe za saratani zilizobaki.

Lakini lawama ni yetu pia sisi madaktari: tunaandika dawa, hatuulizi unaendeleaje. Basi sema bila haya! Taabu hizo hutulizwa, na dawa huweza kubadilishwa. Ukitokwa na damu ukeni au mguu mmoja ukivimba, nenda hospitali bila kuchelewa.