Alama ya kuzaliwa isisingiziwe mimba

Naomba niseme jambo kwa dada zetu wa Kibingo, Karagwe na Kyerwa kwa jumla. Weusi wa ngozi hutukinga kwa sehemu, lakini melanoma, saratani inayoanzia kwenye chembe za rangi ya ngozi, haituachi. Kwetu hutokea zaidi mahali pasipopigwa sana na jua: kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley alifariki kwa melanoma mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Yake ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu.

Alama ndogo ya kuzaliwa ni nadra sana kugeuka saratani. Inayohitaji uangalizi zaidi ni kubwa, hasa ile inayozidi sentimita 20 kwa mtu mzima. Mimba yenyewe haijathibitika kuigeuza. Chuchu na mstari wa tumboni kuwa vyeusi zaidi ni kawaida, na alama ya tumboni huweza kutanuka pamoja na ngozi. Lakini ikibadilika umbo au rangi, ikitoa damu, ikiota uvimbe au kidonda kisichopona, msiseme "ni mimba tu", wala msiikate kwa wembe. Mwonyesheni mkunga kliniki, ombeni rufaa hospitali ya Nyakahanga, na ikibidi hospitali ya Bugando au KCMC Moshi. Kipande cha kupima hukatwa kwa ganzi ya mahali hapo tu, na mjamzito anaweza kufanyiwa salama.

Nanyi wakunga wetu, mkimaliza kupima tumbo, tazameni na nyayo.