MTO WETU, GIZA LA NINI?



Kila masika Mto Songwe hufurika na kula mashamba yetu na ya ndugu zetu wa Malawi. Mwaka 2017 serikali mbili zilitia saini kuunda kamisheni ya bonde hilo. Mpango upo: bwawa na umeme wa megawati 180, tugawane nusu kwa nusu. Tangu hapo wimbo ni mmoja: ngojeni wafadhili!

Je, bwawa la Rufiji, megawati 2,115, si tulilijenga kwa fedha zetu? Hili dogo litushindeje?

Lakini tusidanganyane. Atakayehamishwa alipwe kwanza, na nyaya zisipite juu ya vijiji kukimbilia mijini.

Wanachama, lisemeni katika kila tawi! Angojaye taa ya jirani hulala gizani.