Picha Ukutani Haimwombei Maiti

Ufaransa mwaka 1701 mchoraji Hyacinthe Rigaud alimchora kwa rangi za mafuta Mfalme Louis wa Kumi na Nne: joho la manyoya, upanga kiunoni, na kimo cha picha chapita mita 2 na nusu. Ilikusudiwa kupelekwa kwa mjukuu wake, mfalme wa Hispania. Mfalme alipoiona, akaipenda mno, akabaki nayo. Mwaka 1715 akafa, akaacha nchi ina madeni. Mwaka 1793 Louis wa Kumi na Sita, wa ukoo ule ule, akakatwa kichwa hadharani. Picha ilimfaa nini?

Na hapa kwetu Unguja, masultani nao walichorwa vivyo hivyo. Mwaka 1964 ufalme ukaondoka. Mwaka 1994 jumba lao la Beit al-Sahel likafanywa makumbusho, picha zikatundikwa watu watazame. Picha zikabaki, wenyewe hawapo.

Utasema: hayo ni ya wafalme, mimi mtu wa Jambiani yanihusu nini? Yakuhusu, ndugu yangu! Tazama harusi zetu. Maharusi wakalishwa juu ya viti vya kifalme vya kukodi, nyuma pazia la mahameli, kisha picha yakuzwa, yatiwa fremu ya rangi ya dhahabu, yatundikwa ukumbini. Na fedha zimetoka wapi? Mama ameinama juani bahari ikipwa, akifunga mwani kwenye kamba. Baba ameweka rehani minazi. Jasho la mwaka mzima laishia ukutani, na deni labaki sakafuni!

Mtume wetu (S.A.W.) ametuonya juu ya picha majumbani. Maulamaa wamekhitalifiana kuhusu picha za kamera, nami sitaki kuingia humo leo. Lakini ni yupi kati yao aliyehalalisha kibri na israfu?

Wewe wataka jina lako libaki? Mtume (S.A.W.) ametufundisha yanayobaki baada ya kufa: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema wa kukuombea. Aliyechimba kisima kijijini hana picha popote, lakini kila atekaye maji humwombea rehema.

Basi wazazi, fedha ya fremu mtieni mtoto chuoni. Picha hufifia kwa chumvi ya bahari, wala haijui kusema "Allahumma ghfir lahu".

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.