Mkebe Mkuukuu Usiuzwe kwa Kilo

Wapo watu Uingereza ambao wakiingia mnadani hawatazami saa wala vyombo vya fedha. Watafuta mkebe mtupu wa biskuti. Wakiupata na kifuniko chake, rangi haijakwaruzika na kutu haijauingia, hulipa pesa za kutosha kununua mbuzi, na pengine ng'ombe. Baadhi yetu tukisikia hayo hucheka. Mimi sioni la kucheka, ingawa nina neno langu na watu hao, nami nitalisema.

Asili ya mikebe hiyo ni mji wa Reading. Joseph Huntley alifungua duka la biskuti huko mwaka 1822, na wateja wake wengi walikuwa wasafiri wa magari ya farasi. Biskuti zikivunjika njiani. Mwanawe, aliyekuwa na duka la vyombo vya chuma ng'ambo ya barabara, akaanza kumtengenezea mikebe ya bati. Kampuni ikakua, ikaitwa Huntley & Palmers, na mwaka 1868 ikatoa mkebe wa mapambo ambao huhesabiwa kuwa wa kwanza. Aliyeuchora ni Owen Jones. Jina hili yafaa watu wa pwani tulijue, kwani bwana huyo alikwenda Granada mwaka 1834 kuchunguza nakshi za kasri ya Alhambra, waliyoijenga Waislamu wa Andalusi, akazitolea kitabu kikubwa. Basi anayedhani kwamba pambo la mkebe ni mambo ya Wazungu matupu, akumbuke mchoraji wake alisoma kwa nani.

Tena kuna jambo la uchapaji. Bati ni gumu wala halinywi wino kama karatasi. Ukilichapa moja kwa moja kwa jiwe, picha haitoki sawa. Mwaka 1875 Robert Barclay wa London akapata hati ya kumiliki mashine iliyopiga chapa kwanza juu ya silinda, kisha silinda ikaihamishia kwenye bati. Karatasi ilingoja hadi mwanzo wa karne ya 20 ndipo ikachapwa vivyo hivyo. Gazeti ulilolishika, msomaji, limetoka kwa njia iliyoanzia kwenye mkebe.

Nayo mikebe ilitembea. Biblia ya Kiganda iliyochapwa mwaka 1896 ilipewa umbo dogo na nene kwa makusudi, ipate kuenea ndani ya mkebe wa Huntley & Palmers, mchwa wasiifikie. Sisi tuliosoma chuoni, tuliowahi kufungua kitabu tukakuta mchwa wamekwisha kukihitimu kabla yetu, twaelewa sana.

Majumbani mwetu mkebe haukukaa bure hata siku moja. Biskuti za Idd zikiisha huingia uzi, sindano na vifungo. Ndiyo maana mtoto wa kwetu akiuona ule mkebe wa buluu wa biskuti za Denmark hatarajii biskuti. Mwingine ni wa udi. Debe la mafuta ya taa likawa kipimo cha nafaka, kopo la Kimbo likawa gorogoro ya unga. Na ule ulio juu ya kabati, ambao watoto hawaugusi, mna hati ya nyumba, cheti cha ndoa, barua kutoka Maskati na picha ya marehemu.

Hapo ndipo ninapokhitalifiana na wakusanyaji wa Ulaya. Kwao mkebe bora ni ule usiotumika. Mimi nauona huo kama kanzu iliyokaa dukani miaka mia: safi, lakini haijavaliwa na mtu.

Linaloniuma ni hili. Mzee akifa, arobaini ikipita, nyumba husafishwa. Mikebe hutupwa rundo moja na sufuria zilizotoboka, mnunuzi wa vyuma vikuukuu akaipima kwa kilo, na mara nyingine haifunguliwi hata kutazamwa. Pwani hii, ambako kesi za ardhi hazina idadi, karatasi moja ya zamani yaweza kuwa ndiyo shahidi pekee aliyebaki. Anayekuja kununua vitu vya kale naye hutaka picha ya nje. Yaliyomo humwagwa sakafuni.

Ningependa kuona Fort Jesus, na jumba la makumbusho la Lamu, rafu ya mikebe, kila mmoja umeandikiwa ulitoka nyumba gani na ulitiwa nini. Kimbo yenyewe siku hizi huuzwa katika plastiki, na kopo lake la bati litakuwa adimu kama pesa za rupia.

Kwa kijana anayetaka kuanza kukusanya: mkebe wenye sura ya kale na mistari ya bei ya kusomwa kwa mashine ni wa juzi, usiulipie bei ya babu yake. Usiusugue kwa mchanga wala jivu kama sufuria, wala usiuloweke. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha ukaushe papo hapo, uuweke mbali na jua na dirisha la baharini, maana chumvi ya pepo zetu hula bati. Na kabla ya hayo yote, mwulize bibi yako ulikuwa wa nini, uyaandike majibu yake kwenye karatasi, na karatasi hiyo uitie ndani.